Nyumba ya mirathi Tomondo na mkopo wa benki: wakili wa nani, na pesa zitoke lini?

Mgeni wa Tomondo

Assalam alaykum wakuu. Nyumba iko Tomondo, hapa Unguja, vyumba vitatu, kiwanja mita 15 kwa 20, bei tuliyofikia ni milioni 80. Mwenye nyumba ameshafariki. Wanaouza ni mjane wake na watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Mmoja wa wanaume yuko Maskati, na binti wa mwisho ana miaka 15. Karatasi iliyopo ni ile ya kununulia kiwanja, ina saini ya Sheha (kiongozi wa shehia) na mashahidi wawili. Mimi mkononi nina milioni 20. Benki imeniambia kwa mdomo kwamba 60 iliyobaki itawezekana.

Dalali anataka arubuni ya milioni 5 wiki hii, anasema kuna mtu mwengine anaitaka. Wauzaji wana wakili wao na wanasema anatosha kwa sote. Benki nayo inasema ina wakili wake. Je, niweke wa tatu wangu mwenyewe au ndo kutupa pesa? Kipi kinaanza, mkataba au mkopo? Na karatasi ya Sheha benki itaikubali? Naomba hatua zenyewe, si "kuwa makini ndugu".

---

Kalamu ya Darajani

Waalaykum salaam. Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Benki haitoi mkopo wa nyumba kwa karatasi ya Sheha. Si kwamba karatasi ni ya uongo. Inathibitisha kuwa siku fulani fulani aliuziana na fulani mbele ya watu. Sheha anawajua watu wa shehia yake, lakini hana daftari la umiliki. Benki inataka kitu ambacho rehani inaweza kuandikwa juu yake kwa Mrajis wa Ardhi, ili mtu yeyote akipekua aione. Pasipo daftari hakuna pa kuiandika.

Ukumbuke pia unachonunua ni nini. Baada ya Mapinduzi ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais, na sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya matumizi ya ardhi. Hiyo haki, pamoja na nyumba iliyo juu yake, ndiyo inayouzwa na kuwekwa rehani. Ukisoma mtandaoni habari za "hati ya miaka 99", "serikali ya mtaa" au Sheria ya Ardhi ya 1999, hizo ni za Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na nusu ya ushauri unaozunguka kwenye simu za watu ni wa upande wa pili wa maji.

Kwa nyumba yako mpangilio ni huu: mirathi ya marehemu imalizwe, kisha ardhi itambuliwe na isajiliwe Kamisheni ya Ardhi kwa majina ya warithi au msimamizi, kisha mauziano yapite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi (inayoidhinisha ardhi kuhama mkono), kisha hati iingie jina lako na rehani ya benki iandikwe juu yake. Hatua mbili za mwanzo ni kazi ya wauzaji, na gharama zake ni zao isipokuwa mmekubaliana vyengine. Kuna wanunuzi wanaoambiwa "nunua tu, hati utaishughulikia mwenyewe baadae". Kwa fedha taslimu hiyo ni hatari unayoweza kuamua kuibeba. Kwa mkopo haiwezekani hata ukitaka, kwa sababu hakutakuwa na mkopo.

Sasa mirathi, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Kwa warithi uliowataja, mahesabu yanakaa vizuri ajabu. Mjane ana thumni, yaani 1/8, kwa kuwa marehemu ana watoto. Iliyobaki 7/8 inagawiwa mafungu saba, mwanamme mawili na mwanamke moja. Kwa hiyo kila mwanamme ana 2/8, kila mwanamke ana 1/8. Katika milioni 80, mjane milioni 10, kila kijana wa kiume milioni 20, kila binti milioni 10. Jumla 80 kamili.

Lakini uliza swali ambalo dalali hatakuuliza: siku marehemu anafariki, mama yake au baba yake alikuwa hai? Kama mama alikuwa hai ana sudusi, 1/6, ambayo ni milioni 13 na kitu. Mafungu ya watoto yanashuka, binti anabaki na kama milioni 8.1. Na kama huyo mama naye kafariki tangu hapo, fungu lake limekwenda kwa warithi wake, yaani ami na mashangazi wa hawa watoto. Hao hawamo kwenye orodha uliyopewa, na watakuja na madai ukishahamia. Kabla ya kugawa, madeni ya marehemu na wasia wake (usiozidi theluthi) vinatangulia.

Kwa hiyo usitosheke na barua ya familia. Dai hati ya mirathi yenye orodha kamili ya warithi na mafungu yao. Kwa Waislamu wa Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayosimamia mirathi, na ugomvi wa nani ni mrithi unakwenda Mahakama ya Kadhi.

Binti wa miaka 15 hawezi kutia saini mauziano, na mama yake kumlea si sawa na kuwa msimamizi wa mali yake. Fungu lake linauzwa kwa idhini ya mamlaka inayosimamia mirathi, na milioni 10 zake zinawekwa kwa jina lake. Mtu akikwambia "mama atamtilia saini", hilo peke yake linatosha kusimamisha kila kitu mpaka idhini ya maandishi ionekane. Akifika miaka 18 anaweza kuja kudai fungu ambalo kisheria hakuwahi kuliuza.

Aliyeko Maskati anaweza kutoa hati ya uwakala kupitia Ubalozi wa Tanzania uliopo huko huko. Itaje nyumba yenyewe, itaje *kuuza* na *kupokea fedha*. Hati inayosema "kusimamia mali zangu Zanzibar" Mrajis anaweza kuikataa, na benki itaikataa kwa hakika. Uwakala hufa na aliyeutoa, kwa hiyo siku ya kutia saini apigiwe simu ya video, aonekane.

---

Mizani

Kalamu kamaliza ya karatasi, mimi niseme ya benki.

Kauli ya mdomo ya afisa mikopo maana yake ni kwamba ameona mshahara wako unaingia. Basi. Ahadi ya benki ni barua ya mkopo yenye kiasi, kiwango, muda, masharti na tarehe ya kwisha. Hiyo tarehe ya kwisha watu hawaisomi. Mirathi na usajili vikichukua miezi, barua inakufa na ripoti ya mthamini inachakaa. Benki inataka ripoti mpya na wewe ndiye unayeilipa tena. Ndio maana kwa nyumba kama hii usikimbilie uthamini leo. Omba benki ikupe kwanza barua ya kiasi unachoweza kukopa kwa mujibu wa kipato chako. Uthamini usubiri hati ikaribie kutoka.

Mthamini atatoa namba mbili: bei ya soko, na bei ya kuuza kwa haraka, ile ambayo nyumba ingepata mnadani. Hiyo ya pili huwa chini. Uliza benki yako inakopesha asilimia ngapi, na ya namba ipi. Tuseme ni asilimia 80 ya bei ya soko, na mthamini akaitia nyumba milioni 72 badala ya 80. Mkopo ni milioni 57.6. Wauzaji bado wanataka 80. Pengo ni 22.4, na wewe una 20. Hapo umekwama kwa milioni 2.4 hata hujalipa mthamini, wakili wako, wakili wa benki (ndiyo, yule wa benki unamlipa wewe), ushuru wa stempu, ada za usajili, ada ya mkopo na bima. Kwa maoni yangu usihesabu milioni 20 zako kuwa 20. Toa asilimia 5 ya bei, yaani milioni 4, uiweke pembeni, halafu ndo uzungumze bei.

Marejesho. Kwa mfano tu, milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15: kila mwezi ni kama 840,000. Mwezi wa kwanza 750,000 ni riba na 90,000 tu ndiyo inayopunguza deni. Ukirefusha iwe miaka 20, rejesho linashuka hadi 790,000 hivi. Umejipunguzia 50,000 kwa mwezi, lakini jumla utakayolipa inapanda kutoka milioni 151.2 hadi 189.6. Hiyo tofauti ya milioni 38 na kitu karibu inunue nusu ya nyumba nyengine. Afisa mikopo atakuonesha rejesho la mwezi. Wewe muombe jedwali lote, mstari kwa mstari.

Na benki nyingi zinataka ubakie na theluthi ya mshahara baada ya makato yote, pamoja na yale ya mkopo wa pikipiki uliousahau. Kwa rejesho la 840,000 maana yake mshahara wa mkononi kabla ya makato ya mikopo usiwe chini ya 1,260,000.

Maswali matatu ya kumuuliza afisa, na majibu yawe kwa maandishi: riba inaweza kubadilika au imefungwa? Nikilipa mapema kuna faini? Nikichelewa rejesho moja inahesabiwaje?

---

Jiwe la Pembeni

Kuhusu mawakili, sikubaliani na wanaosema wa benki anatosha kwa kuwa "naye anapekua hati ile ile". Anapekua, lakini anatafuta kitu chengine.

Chukua namba za Mizani. Nyumba milioni 80, mkopo 57.6. Tuseme nyuma ya nyumba kuna njia ambayo majirani wanaitumia tangu zamani, haiwezi kuzibwa, na kwa sababu hiyo nyumba kweli ina thamani ya 65. Wakili wa benki anaweza kuiona na akaandika kwa haki kabisa kwamba dhamana inatosha. Benki iko salama, 65 inazidi 57.6. Iliyopotea ni ile yako uliyotia juu. Yeye hakukosea, ni kwamba hakuajiriwa kukulinda wewe, ingawa umemlipa wewe.

Wa wauzaji ndo kabisa. Akijua kuna ami anadai, ana wajibu wa siri kwa wateja wake. Mkigombana juu ya arubuni atasimama upande wao, au atajitoa na nyote muanze upya. Kwa hiyo ndiyo, weka wako. Unachoweza kufanya kupunguza gharama ni kuuliza benki kama itamkubali wakili wako, akiwa kwenye orodha yake, aandae na hati ya rehani. Baadhi ya benki hukubali. Ada mbili zinakuwa moja na nusu.

Hakikisha ni wakili aliyeandikishwa Mahakama Kuu ya Zanzibar na ana leseni ya mwaka huu. Orodha ya mawakili wa Bara na ya huku ni mbili tofauti, na leseni ya Dar es Salaam peke yake haimruhusu kufanya kazi hapa. Vakili naye si wakili, ruhusa yake ni ndogo zaidi.

Mpe kazi kwa maandishi, usimwambie "nisimamie". Mwambie hivi: upekuzi kwa Mrajis mara mbili, mwanzo na asubuhi ya siku ya kutia saini, uthibitisho kwamba nyumba si ya wakfu, kesi zozote Mahakama ya Ardhi zinazotaja kiwanja hiki, kodi ya ardhi inayodaiwa, na maombi ya Bodi ya Uhaulishaji, ambayo kwa sheria Namba 8 ya 1994 yanatakiwa kabla ya kuhaulisha, si baada. Nyumba ya wakfu haiuzwi na yeyote, hata warithi wote wakubaliane. Mji Mkongwe hilo ni la kuulizwa kwanza, lakini hata mashamba yapo.

Halafu kuna fundo ambalo watu hawalijui mpaka wafike hapo: benki haitoi fedha mpaka rehani iandikwe, na wauzaji hawatii saini mpaka waone fedha. Linafunguliwa kwa barua. Benki inamuandikia wakili wa wauzaji kuahidi kulipa kiasi fulani, kwenye akaunti fulani, ndani ya siku fulani baada ya rehani kusajiliwa. Wakili wako aisome barua hiyo kabla haijatoka. Ikiwa imeandikwa "benki *inaweza* kulipa" badala ya "italipa", wakili wa upande wa pili mwenye akili ataikataa, na mnapoteza wiki mbili.

Kodi pia. Kodi ya mapato ni ya Muungano, kwa hiyo faida ya kuuza nyumba inakwenda TRA hata huku. Kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, na ni ya muuzaji. Kuna msamaha wa nyumba ya kuishi mwenyewe kwa masharti ya miaka mitatu na kikomo cha faida, mshauri wao wa kodi atawaambia kama warithi wanauingia. Wewe andika tu kwenye mkataba kwamba kodi hiyo ni yao na inakatwa kwenye bei kabla hawajagawana. Wakishagawana, kumrudisha wa Maskati achangie kodi ni kazi ya mwaka.

---

Tungule

Mimi fupi. Karatasi mmezisoma, sasa nendeni kwenye kiwanja na futi kamba ya mita 30.

Mita 15 kwa 20 ikiwa kona zake ni za mraba, ulalo wake ni mita 25 kamili. Pimeni kona hadi kona, ulalo mmoja na wa pili. Vyote viwili vikiwa 25, sawa. Mmoja ukiwa 24 na mwengine 26, kiwanja kimelala upande na ukuta mmoja huenda umekaa kwa jirani. Hilo haliondoi haja ya mpima na bikoni zake (alama za mpaka), ila ni bure na linachukua robo saa.

Fungueni karo la choo muone liko wapi. Tomondo, Fuoni, Kwarara, viwanja vilivyokatwa na wenyewe bila ramani, makaro mengi yako nje ya mpaka. Jirani akijenga, karo lako linakuwa chini ya chumba chake.

Mita ya Tukuza (ya umeme wa kulipia kabla) imeandikwa jina la nani? Nunueni umeme wa shilingi elfu mbili muone kama unakatwa deni. Na bili ya maji ya ZAWA muione kwa macho.

---

Mwalimu Shangani

Muulizaji hakusema benki ni ya riba au ya Kiislamu. Kama anakwenda Benki ya Amana au dirisha la Kiislamu la PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) au benki nyengine, mpangilio wa saini unabadilika, na ukikosea mwanzo hakuna wa kuutengeneza baadae.

Katika murabaha benki lazima inunue nyumba kwanza, iwe yake hata kwa muda mfupi, kisha ikuuzie kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana. Bei hiyo haibadiliki mpaka mwisho. Sasa wewe ukiwa umeshatia saini mkataba wa kununua kwa jina lako na umelipa, benki haina cha kununua. Nyumba ni yako. Itakuwa inakukopesha fedha tu na kuziita murabaha, na kamati ya sharia ya benki ikiwa hai itakataa. Kwa hiyo *iambie benki kabla ya kutia saini chochote*. Uliza pia kama nyumba itahaulishwa mara mbili, kutoka kwa warithi kwenda benki na kutoka benki kuja kwako, na ushuru wa mara ya pili nani anaubeba.

Musharaka wenye kupungua (ushirika ambao fungu la benki linapungua kidogo kidogo) unafaa zaidi kwa nyumba, ni maoni yangu. Wewe una 20 kati ya 80, kwa hiyo robo ni yako tangu siku ya kwanza na robo tatu ni ya benki. Kila mwezi unalipa vitu viwili: kipande cha fungu la benki, na kodi ya kuitumia sehemu yake. Kwa miezi 180, kipande ni 333,333 kila mwezi na kodi inashuka kadiri fungu lako linavyokua. Soma kifungu cha matengenezo makubwa. Paa likienda na upepo, mwenye robo tatu anachangia robo tatu, au mkataba umekutupia wewe lote? Hapo ndipo jina la ushirika linapopimwa.

Na arubuni, kwa kuwa imetajwa: katika madhehebu yetu ya Shafi arubuni inayopotea mnunuzi akighairi haisihi, Hambali ndio walioiruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu likaikubali mwaka 1993 kwa masharti ya muda maalumu. Kwa sababu hiyo benki za Kiislamu huiita fedha ya kuonesha nia na kurudisha kinachozidi hasara halisi. Ukitaka moyo utulie, andika kwamba inarudishwa.

---

Mwanapemba wa Wete

Naingilia kidogo. Huku kwetu naoneshwa eneo kutoka eka tatu za marehemu babu yao, lina mikarafuu kumi na mbili, wanataka kunikatia kiwanja cha robo eka. Maelezo hayo hayo?

---

Kalamu ya Darajani

@Mwanapemba hapana, lako ni zito zaidi. Eka tatu ziligawiwa baada ya Mapinduzi kwa ajili ya kulima. Ni kama mita za mraba 12,140, na hazikutolewa zikatwekatwe viwanja. Mtu akikukatia robo eka ndani yake kwa karatasi ya mkono, umenunua mgogoro na Serikali na warithi wenzake kwa mkupuo mmoja. Nenda ofisi ya ardhi Chake Chake na namba au ramani ya eneo, uliza kwa barua linaruhusiwa matumizi gani, na usitoe hata shilingi kabla ya jibu la maandishi. Benki kwa eneo hilo usiisumbue.

Mikarafuu iulize peke yake. Visiwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, na kuna mikarafuu ya Serikali ndani ya mashamba ya watu. Ardhi ikiwa ya muuzaji haimaanishi miti ni yake. Mkataba utaje miti kwa aina na idadi, mikarafuu kumi na mbili, minazi mingapi, na nani anachuma mavuno ya mwaka huu. Kukata mkarafuu ili ujenge kunataka kibali.

---

Pwani Mchangani

Kwa wasomaji wasio Wazanzibari, hata Watanzania wa Bara: haki ya matumizi ya ardhi ni ya Mzanzibari. Wewe njia yako ni ukodishaji wa muda mrefu kupitia uwekezaji, au fleti chini ya sheria ya nyumba za pamoja Namba 10 ya 2010, kama zile za Fumba. Kwenye fleti, mbali na hati ya chumba chako, soma mchango wa kila mwezi wa huduma za pamoja na kama aliyekuuzia amelipa wake. Kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki Mzanzibari halafu ukawa na "makubaliano ya siri" si ujanja. Rafiki akifa, nyumba inaingia kwenye mirathi yake na wewe humo.

---

Mgeni wa Tomondo

Allah awalipe. Nimewauliza: bibi yao, mama wa marehemu, alifariki mwaka mmoja *baada* ya mwanawe. Kwa hiyo hesabu ya Kalamu ndiyo hiyo, sudusi ipo na imehamia kwa wengine. Dalali anasema hiyo ni habari ya zamani. Benki nimeamua iwe ya kawaida, si murabaha. Na milioni 5 anaitaka leo jioni. Nikatae kabisa au kuna namna?

---

Jiwe la Pembeni

Namna ipo, ila si milioni 5 na si mkononi mwa dalali. Dalali analipwa siku ya kukabidhiana funguo. Kama mtu mwengine kweli anaitaka, naye atakutana na mama huyo huyo wa marehemu na binti huyo huyo wa miaka 15.

Milioni moja inatosha kuonesha nia. Iwekwe akaunti ya wateja ya wakili wako, si ya wauzaji. Yasiwe mauziano, yawe makubaliano ya kusubiri. Maneno yake yawe karibu na haya, wakili ayanyooshe:

*"Fedha hizi zitabaki kwa wakili wa mnunuzi na zitarudishwa zote kwa mnunuzi ndani ya siku saba iwapo, ndani ya siku 180 tangu leo: (a) hati ya mirathi inayotaja warithi wote, wakiwemo warithi wa mama wa marehemu, haijatolewa, au (b) ardhi haijasajiliwa, au (c) idhini ya kuuza fungu la mtoto haijapatikana, au (d) benki ya mnunuzi imekataa mkopo, au thamani iliyotolewa na mthamini ni pungufu ya bei na wahusika hawakukubaliana bei mpya. Katika muda huo wauzaji hawatauza, hawatakodisha wala hawatapokea fedha ya mtu mwengine juu ya nyumba hii."*

Watie saini mjane na watoto wote waliofika miaka 18, wa Maskati kupitia wakala wake. Akikataa mmoja, umejua leo badala ya mwezi wa sita. Siku 180 nimezitaja kwa sababu ya sudusi. Ingekuwa mirathi rahisi ningesema 90.

---

Mizani

Ongeza hili kwenye risiti: kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na majina yote matatu ya kila mmoja yafanane na kitambulisho cha Mzanzibari herufi kwa herufi. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa benki ni watu watatu, na kila tofauti inakugharimu kiapo na safari moja ya ofisi.